Kikundi huru kinawezaje kuwatetea wasanii wachokozi bila kusambaratika?

Swali: Sisi ni watu saba, waandishi na wachoraji, na tumeunda kikundi cha kujitegemea ili kuchapisha jarida na kufanya maonyesho ya kazi ambazo wachapishaji wakubwa na kumbi rasmi huzikataa kwa sababu zinachokoza. Sasa tumepokea hadithi ambayo watatu kati yetu wanaiona ni ya kishujaa, na wanne wanaiona ni matusi matupu. Tuamueje, na kikundi kama chetu kinawezaje kuwatetea wasanii wa aina hii bila kusambaratika?

Jibu: Ndugu msomaji, umeuliza maswali mawili, lakini kwa maoni yangu yanajibiwa na jambo moja, nalo ni kwamba kikundi cha aina yenu hakiundwi ili kutafuta kazi zinazoshtua, bali kinaundwa ili kubeba pamoja na msanii gharama ya kazi ambayo ninyi wenyewe mmekwisha kuridhika kuwa inastahili kuwafikia watu. Tofauti hiyo huonekana ndogo mwanzoni, wakati kila mtu ana shauku na hakuna aliyewahi kupokea barua ya wakili. Huonekana kubwa siku ambayo mwenye ukumbi amefunga mlango saa mbili kabla ya maonyesho, na msanii anawatazama ninyi ili ajue kama yuko peke yake.

Nianze na uteuzi, kwa kuwa ndipo mlipokwama. Kiswahili kina maneno matatu yanayofaa kutenganishwa hapa. Kuna kuchokoza, yaani kumwanza mtu ambaye hakuwa na ugomvi nawe. Kuna kuchokonoa, yaani kuingiza kijiti penye tundu ili kukitoa kilichokwama ndani. Na kuna kuchochea, yaani kuzisukuma kuni ili moto uwake zaidi. Watawala wenye hofu huyaita yote matatu uchochezi, na wasanii wenye haraka huyaita yote matatu ujasiri. Kazi ninayoamini inastahili kutetewa kwa nguvu zote ni ile inayochokonoa: inauma kwa sababu imekigusa kitu ambacho tayari kilikuwemo, na ambacho sisi sote tulikuwa tumezoea kula na kuongea huku tukikizunguka kwa ulimi.

Namna ninavyoitambua kazi hiyo ni ya kawaida sana. Nausoma mswada, nauweka kando kwa majuma mawili, kisha nausoma tena. Mshtuko haurudi mara ya pili kwa nguvu ileile, kwa hiyo katika usomaji wa pili ninaona kile kilichobaki baada ya mshtuko kuondoka: kama kuna mtu kamili ndani ya hadithi, kama sentensi zinajua zinakokwenda, kama ukali wa lugha ni wa mhusika huyo katika saa hiyo au umebandikwa juu ili mwandishi aonekane haogopi. Kisha naangalia ni nani anayechokonolewa. Mwandishi anayeufichua unafiki wa watu wenye uwezo wa kujibu amejiweka hatarini. Anayemrushia matusi mtu ambaye tayari anapigwa na kila mpita njia hajavuka mpaka wowote, amejiunga tu na umati. Hapa niwaombe uangalifu, kwa sababu wasomaji wengi, hata waliobobea, huchanganya ukatili wa mhusika na ukatili wa mwandishi. Hadithi inaweza kusimuliwa na mtu mbaya kwa sauti ya mtu mbaya mwanzo hadi mwisho, bila neno moja la kumkemea, na bado ikawa hadithi yenye maadili makali kuliko hotuba.

Kuhusu kura, nawashauri kwa moyo wote msiamue mambo haya kwa wingi wa mikono. Kura ya wengi hufaa katika kuchagua mweka hazina, lakini katika uteuzi wa kazi za sanaa huleta jarida la kazi ambazo hakuna aliyezichukia, na jarida hilo wachapishaji wakubwa wanalitoa tayari. Utaratibu ambao nimeuona ukifanya kazi vizuri zaidi ni huu: kazi huingia endapo mwanachama mmoja au wawili wanaiamini kiasi cha kuandika ukurasa mmoja wa kuitetea na kuuwekea saini, na wengine wanaweza kuizuia kwa sababu chache tu zilizokubaliwa na kuandikwa mapema. Sababu hizo ziwe za madhara, zisiwe za ladha: kwamba kazi inamsingizia mtu halisi anayetambulika, kwamba inamweka mtoto katika hali ya kingono, kwamba inawaita watu wakadhuru watu wengine, kwamba imeibwa. Anayesema tu kwamba hadithi imemchefua ana haki kamili ya kusema hivyo, na maoni yake yaandikwe, lakini asiwe na uwezo wa kuizuia.

Sheria hiyo iandikwe kabla ya kufika kwa kazi itakayoijaribu. Mwaka 1917, jijini New York, chama cha wasanii wa kujitegemea kilitangaza maonyesho yasiyo na jopo la kuchuja: kila aliyelipa ada ya dola sita angeonyeshwa. Ikaja kazi iliyotiwa saini ya R. Mutt, nayo ilikuwa beseni la kukojolea la kauri lililolazwa chali. Viongozi wa chama wakabishana, kisha wakaizuia isionekane, na Marcel Duchamp, aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi na ambaye ndiye aliyekuwa ameileta kwa jina hilo la bandia, akajiuzulu. Chama kile kilikuwa na watu wema wenye nia safi. Kilichowakosesha ni kwamba walitoa ahadi isiyo na mipaka huku mioyoni mwao wakiwa na mipaka ambayo hawakuwa wamejikiri. Ni afadhali kikundi kiseme waziwazi kwamba kuna aina tatu au nne za kazi ambazo hakitazigusa, kuliko kutangaza uhuru usio na kikomo na kuuvunja mbele ya msanii wa kwanza aliyeuamini.

Baada ya kuikubali kazi, iharirini kwa ukali kuliko kazi nyingine yoyote. Wapo wanaodhani kwamba kumhariri msanii mchokozi ni kumkata makali, na mimi nadhani kinyume chake: kazi itakayosomwa na maadui kwa kalamu nyekundu haiwezi kubeba sentensi hata moja ya uzembe. Neno la tusi likiwa mahali pake, mhariri aweze kueleza kwa nini hakuna neno jingine lingefaa. Kama hawezi, amrudie mwandishi na waulizane. Na barua hizo za kuulizana mzihifadhi zote, pamoja na rasimu na kumbukumbu za vikao. Sheria za nchi mbalimbali hutofautiana, lakini penye sheria inayoruhusu utetezi wa thamani ya kisanaa, hoja kuu huwa ni kama kazi inasomwa kwa ukamilifu wake na kama ina thamani kwa umma. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza chini ya sheria ya mwaka 1959, na mwaka uliofuata kampuni ya Penguin iliposhtakiwa kwa kuchapisha riwaya ya D. H. Lawrence, upande wa utetezi uliita mashahidi 35, wakiwemo wahakiki, walimu na hata askofu, na baraza la wazee wa mahakama likaiachilia huru. Kikundi cha watu saba hakina mashahidi 35, lakini kinaweza kuwa na faili nene linaloonyesha kwamba kila uamuzi ulifikiriwa.

Nadhani mfano wenye mafunzo mengi zaidi kwa watu wa kiasi chenu ni ule wa City Lights, duka dogo la vitabu na uchapishaji huko San Francisco. Lawrence Ferlinghetti, mwenye duka hilo, alipoamua kuchapisha mashairi ya Allen Ginsberg yenye jina Howl, alikwenda kwanza kwa chama cha kutetea uhuru wa raia na kukiuliza kama kingemtetea iwapo angeshtakiwa, na alifanya hivyo kabla kitabu hakijapigwa chapa. Kitabu kilitoka mwaka 1956. Mwezi Machi 1957 maofisa wa forodha walikamata nakala 520 zilizokuwa zikiingia kutoka kwa mchapaji wa London, na miezi michache baadaye polisi wakaja dukani. Aliyekamatwa kwanza, tafadhali lizingatieni hili, hakuwa mwandishi wala mchapishaji, bali Shigeyoshi Murao, mfanyakazi wa duka aliyekuwa amewauzia nakala polisi waliovaa kiraia. Mwandishi mwenyewe hakushtakiwa kamwe. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, Jaji Clayton Horn aliamua kwamba kazi yenye umuhimu kwa jamii, hata uwe mdogo, haiwezi kuhesabiwa kuwa chafu kisheria.

Miongo mitatu na zaidi kabla ya hapo, katika mji wa New York, Margaret Anderson na Jane Heap, wahariri wa jarida la The Little Review, walipatikana na hatia mwaka 1921 kwa kuchapisha sehemu za riwaya ya Ulysses ya James Joyce, wakatozwa faini ya dola 50 kila mmoja, ilhali mwandishi alikuwa mbali, ng'ambo ya bahari. Mwaka 1922 riwaya nzima ilichapishwa mjini Paris na Sylvia Beach, mwenye duka la vitabu ambaye hakuwa amewahi kuchapisha kitabu chochote, na ni mwaka 1933 tu ndipo mahakama ya Marekani ilipoifungulia njia.

Ninayataja mambo haya mfululizo kwa sababu yanaonyesha jambo ambalo vikundi vichanga hulisahau: mzigo wa kazi ya uchokozi huwaangukia kwanza wale waliosimama karibu na mlango. Ni muuza duka, mchapaji, mwenye ukumbi, kijana anayebandika matangazo, mwanachama ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye hati ya usajili. Kwa hiyo, kabla ya kila toleo, kaeni mwandike majina ya watu wote watakaoguswa, kisha mwende kwa kila mmoja mkamweleze kilichomo, kwa maneno ya wazi, na mumpe nafasi ya kukataa bila aibu. Kumfanya mchapaji ashiriki jambo la hatari asilolijua ni dhuluma, hata kama jambo lenyewe ni la haki. Tafuteni wakili atakayekubali kuusoma mswada mapema, na hakikisheni kila mtu ana namba yake. Amueni pia ni nani atakayezungumza kwa niaba ya kikundi, na ni nani atakayekaa na msanii, kwa maana kukaa na msanii ni kazi kamili inayojitegemea. Tusi la umma huchosha mwili, na mtu aliyetukanwa kwa majuma matatu mfululizo anahitaji mtu wa kumpikia na kumjibia simu kabla hajahitaji tamko la kumuunga mkono.

Upo pia ulinzi utokao kwa watu wenyewe, na kuuhusu sijui mfano ulio bora kuliko wa Kamirithu, karibu na Limuru nchini Kenya. Mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa lugha ya Gĩkũyũ pamoja na wanakijiji, na mazoezi yalifanywa mahali pa wazi, ambapo wafanyakazi na wakulima walisikiliza, wakasahihisha lugha, wakaongeza walichokijua kuhusu maisha yao. Kazi ilipoanza kuonyeshwa mwezi Oktoba ilikuwa tayari ni mali yao. Umiliki huo ndio ulioipa nguvu, na ndio ulioitia serikali hofu: kibali kiliondolewa mwezi Novemba, Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini tarehe 31 Desemba bila kushtakiwa, akakaa humo karibu mwaka mzima, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Sisemi kwamba watazamaji watawazuia polisi. Ninasema kwamba kazi iliyopita mikononi mwa watu kabla ya kuzinduliwa haiwezi kubomolewa pamoja na jengo, na kwamba kikundi kinachojifungia kikiandika kwa ajili ya wenzake peke yao hujinyima jambo hilo kwa hiari yake.

Sasa fedha, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kujitegemea hakumaanishi kukataa kila senti inayotoka nje. Kunamaanisha kuweza kuipoteza senti hiyo bila kufa, na kuweza kuitaja hadharani bila kuona haya. Jarida la Transition, lililoanzishwa na Rajat Neogy mjini Kampala mwaka 1961, lilikuwa miongoni mwa majarida yenye uhai mkubwa kabisa barani Afrika, ambapo waandishi waligombana kwa hoja bila woga. Kisha, mnamo mwaka 1966 na 1967, ikafichuka kwamba shirika la kitamaduni lililokuwa likilifadhili lilikuwa likipokea fedha za shirika la ujasusi la Marekani, CIA, na mwaka 1968 Neogy akakamatwa na serikali ya Uganda kwa sababu ya yaliyoandikwa jaridani. Mhariri alipigwa kutoka pande mbili: waliompa fedha walimficha asili yake, na waliochukizwa na jarida walipata la kumsema. Waandishi wake hawakuwa vibaraka, na kazi zao zimesimama hadi leo. Bali swali la fedha lilitia doa ambalo hawakulistahili. Kwa hiyo ulizeni fedha zinatoka wapi, na mfadhili wenu naye anapata wapi. Chapisheni hesabu zenu kila mwaka, hata kama ni za kuchekesha kwa udogo. Asiwepo mfadhili ambaye akiondoka toleo lijalo halitoki. Anzeni kwa kiasi mnachokimudu: waandishi wa Uingereza Leonard na Virginia Woolf, mume na mke, walipoanzisha uchapishaji wao mwaka 1917 walitumia mashine ndogo ya mkono nyumbani kwao, na kitabu chao cha kwanza hakikuzidi nakala 150 au karibu na hapo. Udogo huo uliwapa uhuru, ingawa uliwawekea mipaka pia, kwani mwaka uliofuata waliletewa mswada wa Ulysses na wakaukataa, sehemu kwa sababu mashine yao isingeweza kazi ndefu kiasi kile.

Mkataba na msanii uwe mfupi na uandikwe hata kama ni rafiki yenu wa utotoni. Hakimiliki ibaki kwake. Ninyi mpewe ruhusa ya kuchapisha au kuonyesha kwa muda uliotajwa. Mlipeni kitu, hata kidogo, kabla hamjajilipa wenyewe, kwa sababu kikundi kinachotetea ujasiri wa wengine bila kuwalipa kinaishi kwa migongo yao. Awe na haki ya kuiondoa kazi yake hadi tarehe fulani kabla ya kupigwa chapa, na haki ya kutumia jina la bandia. Jina la bandia si woga. Kundi la Guerrilla Girls, lililoanza New York mwaka 1985 kwa kuyashambulia majumba ya sanaa yaliyowafungia wanawake na wasanii wasio weupe, limefanya kazi kwa miaka mingi likiwa nyuma ya vinyago vya sokwe, na kutojulikana kwao kumewalazimisha watu kuitazama hoja badala ya kumtafuta msemaji.

Kuhusu mitandao ya kijamii sina mengi: itumieni kutangaza, lakini msiifanye ghala, kwani kazi za aina yenu ndizo zinazofutwa kwanza na bila maelezo. Wekeni orodha yenu wenyewe ya anwani za wasomaji, na pelekeni nakala za karatasi katika maktaba zaidi ya moja.

Kuna jambo moja linalosambaratisha vikundi vya aina yenu kuliko polisi na kuliko ukata, nalo huzungumzwa kwa minong'ono. Ni mwanachama mwenye kipaji ambaye hugeuza uchokozi wa kwenye karatasi kuwa ruhusa ya kuwadhalilisha wenzake: huwashika watu wasiotaka kushikwa, huwatukana vijana wanaoleta kazi zao, na akiulizwa husema kwamba kikundi kimeanza kuwa cha watu wa adabu. Nimewahi kuwa ndani ya kikundi kilichomvumilia mtu wa namna hiyo kwa miaka miwili kwa sababu maandishi yake yalikuwa mazuri. Tulipoteza wanawake wanne waliokuwa waandishi bora kumzidi, wakaondoka bila kusema neno, na mimi niliyekuwa na uwezo wa kusema sikusema. Jambo hilo ninalijutia hadi leo. Wekeni kanuni ya mwenendo, mtajeni mtu wa nje ya kikundi atakayepokea malalamiko, na muitumie kanuni hiyo hata kwa mwanzilishi.

Wala msione aibu kufikiria mwisho. Cabaret Voltaire ya Zurich, klabu ya wasanii iliyofunguliwa Februari 1916 na Hugo Ball na Emmy Hennings, ilidumu miezi michache tu, na humo ndimo ilimozaliwa harakati ya sanaa iitwayo Dada, iliyobadilisha sanaa ya karne nzima. Kundi la wasanii la Gutai la Japani lilidumu tangu 1954 hadi 1972, likavunjika alipofariki kiongozi wake, Jirō Yoshihara. Yote mawili yalitimiza kazi yake. Lakini kubalianeni tangu sasa nani atatunza kumbukumbu, na haki za wasanii zitakwenda wapi siku mtakapofunga.

Turudi kwenye hadithi iliyo mezani. Iwekeni kando kwa majuma mawili bila kuijadili. Kisha kila mmoja wa wale watatu aandike ukurasa wake wa utetezi bila kuonyeshana, na kila mmoja wa wale wanne aonyeshe kwa kidole aya hasa inayomsumbua na aseme ni madhara gani anayoyaona na yatampata nani. Mara nyingi, zoezi hilo huonyesha kwamba watu wanne wanachukizwa na mahali pawili tu katika kurasa ishirini, na kwamba mahali pamoja kati ya hapo mwandishi mwenyewe alikuwa hajaridhika napo. Mwiteni mwandishi, mumsomee maswali yenu yote, yenye sifa na yenye shutuma, na mumweleze gharama mnazoziona mbele. Akiwa bado anataka itoke, na mmoja wenu akiwa tayari kuweka saini chini ya ukurasa wa utetezi, na pasiwepo aliyeonyesha madhara mliyokubaliana kuyazuia, basi ichapisheni, na wale wanne waliobaki na mashaka wawe ndio watakaokaa mezani kuiuza siku ya uzinduzi, wakijibu kila atakayeuliza kwa nini hadithi hiyo imo.